Kipa wa Mikaratusi

Mabati yalikuja Jumanne, kwenye Fuso,
mapya, yakimeta hata bila jua,
na kufikia Alhamisi kiwanja cha Mikaratusi
kilikuwa habari ya zamani.
Bango likasema: Eneo hili ni mali binafsi.
Tukalisoma. Shule tulipelekwa, kusoma tunajua.

Hakikuwa kiwanja cha maana, nikiri.
Kilikuwa mteremko. Mpira ukitoka upande wa chini
uliishia kwenye chainizi za mama Sikujua,
naye faini yake ilikuwa ndoo moja ya maji.
Goli la huku, fito mbili.
Goli la kule, mkaratusi mmoja na matumaini.
Vumbi la Agosti, tope la Machi.
Lakini saa kumi na moja jioni
Isanga nzima ilijua vijana wake wako wapi.

Sasa saa kumi na moja inafika
na mdogo wangu Anyosisye amelala, uso ukutani.
Hasemi anaumwa. Hasemi haumwi.
Chai inapoa, inafanya utando.
Baridi ya Julai inashuka kutoka Loleza,
inapita chini ya mlango bila hodi,
naye hajifuniki.

Baba kasema: uvivu.
Shangazi wa Tukuyu kasema: huyo kaangaliwa na mtu.
Jirani kasema bangi, na bangi haipo.
Zahanati wakapima malaria, wakapima taifodi,
wakatuandikia: Hana kitu.
Hana kitu!
Mara ya kwanza tunaandikiwa ukweli, na muhuri juu.

Nesi mmoja tu, Sekela, ndiye aliyeuliza,
"Ilianza lini?"
Akajibu, sentensi yake ndefu kuliko zote mwaka ule:
"Siku ile ya mabati."
Nesi alishika kalamu, hakuandika.
Fomu haikuwa na nafasi ya mabati.
Mwisho akaandika pembeni: sonona.
Njiani nililirudia lile neno, sonona, sonona,
linataka kufanana na kushona,
kumbe kazi yake kufumua.

Jumamosi nilimburuta, tukashuka kwa miguu hadi Forest.
Kule nyasi zinamwagiliwa kiangazi
wakati sisi tunapanga madumu bombani tangu saa tisa usiku.
Bembea nne, watoto wawili.
Kiingilio elfu tano, yaani unga, dagaa,
na chenji ya mkaa.
Na getini, ndani ya koti la kampuni
lililomzidi mabega, nani?
Asajile.
Asajile kipa wetu, aliyeruka kwenye changarawe
mpaka viwiko vikachorwa ramani.
"Bado nadaka," akasema, akacheka nusu.
"Kazi ni ileile. Asipite mtu."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa.
Koti lile linasomesha wadogo zake watatu.

Bosi akatokeza kwa mbali.
Asajile akanong'ona, "Nisamehe dada,
nikiwaona mmesimama hapa natakiwa kupiga filimbi."
Akapiga.
Na Anyosisye, sijui nisemeje,
mguu wake wa kushoto uliitika kabla yake.
Chupa tupu iliyokuwa mtaroni
ikanyanyuka, ikavuka uzio,
ikaingia kwenye nyasi zao.
Asajile aliruka.
Naapa, na koti lake, na rungu lake, aliruka.
Akaikosa.

Tulikimbia kama wezi wa maparachichi.

Sitasema amepona.
Jumapili alilala tena, uso ukutani.
Jumatatu vilevile.
Jumanne nilikuta chai imenywewa nusu,
sikumwambia mtu.
Mabati yapo. Ndani hawajajenga kitu.
Nilichungulia tunduni: majani hadi kiunoni,
na mkaratusi wetu,
bado umesimama golini.