Bawaba

Mimi ni fundi wa milango, Kadutu, chini kidogo ya ngazi za soko.
Milango mia tatu na kitu nimeichomelea,
ya maduka, ya parokia, ya tajiri mmoja wa Nguba
aliyetaka simba wawili wakitazamana.
Hakuna hata mmoja niliowahi kuupa mgongo.

Dada Nsimire hakucheka nilipomwambia hivyo.
Chumba chake kiko Nyawera, juu ya duka la dawa:
viti viwili, saa isiyopiga kelele, dirisha linaloona kipande cha ziwa
kisichozidi kitambaa cha meza.
Akaniambia nikae popote. Nikaburuta kiti hadi ukutani.
Hakusema kitu. Akaburuta chake, akanifuata.

"Ule usiku," akauliza, "toka sifuri hadi kumi, unauma kiasi gani sasa?"
Nikasema kumi. Nikaona haya, kama muuzaji anayetaja bei ya juu mno.
"Na ukiuona, unajiambia maneno gani?"
*Niliachia mlango.*
Yalitoka kwa sauti ya mtoto, si yangu.

Kisha akainua vidole viwili.
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Kichwa kitulie, macho peke yake yasafiri.
Macho haya, yaliyozoea kutazama moto kupitia kioo cheusi,
yakatakiwa yatazame bila kioo.

Duru ya kwanza niliwaza deni la vyuma.
Ya pili, harufu: mafuta ya taa, jasho la baba.
Ya tatu, ubao ukanigusa,
hapa, kati ya mabega, baridi,
na baba akaninong'oneza: Shikilia, Cishugi, shikilia tu,
huku akimpitisha mama dirishani, na mtoto mgongoni.

Vidole vikasimama.
"Vuta pumzi. Nini kimekuja?"
Nikashindwa kusema.
"Basi twende na hicho."

Kushoto. Kulia.
Teke la kwanza. La pili.
Mvua juu ya mabati, kwa hiyo majirani hawakusikia,
au walisikia.
Kushoto. Kulia.
Mimi kifudifudi, mlango juu yangu,
na mabuti yakipita juu ya mlango.
Baba sikumwona tena akiwa amesimama.

Wiki ya nne, au ya tano (moja niliikimbia, nikasingizia tumbo),
vidole vilikuwa vinakwenda, nami nikajikuta
nautazama ule mlango kama fundi.
Mbao za mkaratusi mbichi, unene wa kidole gumba.
Bawaba mbili tu, za mpira wa tairi.
Misumari ya inchi mbili, mmoja umepinda.
Na nyuma yake mtoto wa miaka kumi na mmoja,
kilo ishirini na nane kama alikuwa amekula,
pekupeku, juu ya udongo uliolowa.

Nikacheka. Nikacheka hadi nikalia, kamasi na yote.
Nikamwambia: Dada, kazi ile hata mimi wa leo, na mgongo huu,
nisingeizuia dakika mbili.
"Wewe uliizuia muda gani?"
Sikuwahi kujiuliza.
Muda wa mtu mmoja kupita dirishani.
Na mtoto mgongoni.
Mtoto yule sasa ana watoto wanne, anauza dagaa Uvira,
akilala anakoroma kama lori.

"Toka sifuri hadi kumi?"
Mbili. Siku nyingine tatu. Umeme ukikatika ghafla, tano.
Sitasema sifuri ili kumfurahisha mtu.

Jana alikuja mjane mmoja kutoka Panzi, anataka mlango.
Akaupigapiga ule wa mfano kwa kiganja. "Utazuia?"
Zamani ningesema ndiyo, nikapokea malipo ya awali.
Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo, barabara nyuma yangu,
na sikuwa nimegeuka tangu asubuhi.
Nikamwambia: Bawaba tatu, mama, za chuma.
Halafu twende nikapime ukuta wa upande wa pili.
Nitakuwekea dirisha.
Pana.