Kadi ya Kigeugeu

Nilipewa herufi K, kuanzia kibuyu hadi kilio.
Ofisi iko Upanga, ghorofa ya pili. Feni huzunguka ikijisikia,
na isipojisikia husinzia
kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Kwenye kadi niliandika kwa penseli:
kigeugeu, nomino, ngeli ya ki-vi,
mtu asiye na msimamo; asiyetabirika.
Chini yake pakabaki mstari mtupu. Mfano.

Mhariri wangu, Bwana Mwasomola, hapendi mifano ya kutunga.
"Lete sentensi iliyokwisha kutembea," husema,
"yenye vumbi miguuni."

Nikarudi nayo Mburahati.

Bi Zawena alikuwa ameketi mbele ya ndoo saba,
anaikodolea koki jinsi mtu anavyomkodolea mdeni wake.
Maji yalisemwa Jumanne. Jumanne ikapita na kiu yake.
Alhamisi yakaja usiku wa manane, mtaa mzima umelala,
yakajimwaga uani mpaka bandani kwa kuku.
"Bomba hili kigeugeu," akasema. Nikaandika.
Kisha, bila kuniangalia: "Lakini nimelizoea.
Wa kuogopa ni yule anayekuja kila siku saa ile ile,
halafu siku moja asije."
Hilo sikuliandika. Halikuenea kwenye kadi.

Fundi Shomvi, niliyemlipa mlango tangu mfungo mosi,
alinipungia mkono uliojaa muhogo: "Kesho asubuhi!"
Kesho ya Shomvi ina miguu ya kaa,
huenda mbio, ila huenda upande.

Mbona neno hili ni tusi siku zote?
Halipandi kwenye kanga, hapewi nalo mtoto jina.
Na sarufi yake nayo haitulii:
tukikasirika tunasema kigeugeu hiki,
kama kigoda, kama kijiko;
hasira ikishuka, kigeugeu huyu,
na mtu karudishiwa utu wake.

Baba yangu alikuwa hiki
mpaka siku ya matanga, ndipo akawa huyu.
Aliaga anakwenda Kariakoo kununua betri za redio,
akarudi baada ya miezi miwili
na godoro kichwani.
Betri hakununua.

Mama hakulitamka neno hilo hata mara moja.
Alfajiri, Buguruni, mbele ya chuma cha chapati,
mkono wake ulikuwa unakitenda kitenzi chenyewe:
geuza,
geuza, paka mafuta,
geuza.
Nilipomuuliza kwa nini anamfungulia mlango kila anaporudi,
alijifuta unga kwenye kipaji, akaongeza unga mwingine.
"Kisichogeuka," alisema, "kinaungua upande mmoja."
Mteja akataka mbili na chai. Mazungumzo yakaishia hapo.

Saa tisa usiku bomba likakohoa.
Likatema kutu, likatema upepo, likatulia,
nikageuka kurudi kitandani, ndipo likafunguka.
Tulikinga kwa kila kilichokuwa na tumbo:
ndoo, sufuria, beseni la kufulia, birika,
Bi Zawena akicheka peke yake gizani kama msichana.
Kadi ilikuwa kwenye pindo la kanga. Ikalowa.
Penseli haikufutika.

Asubuhi nilimpelekea Bwana Mwasomola, imekunjamana
kama jani la mchicha.
Alisoma kwa sauti mfano niliouchagua:
Baba alirudi na godoro.
Akavua miwani. "Lakini neno lenyewe halimo."

"Najua," nikamwambia.
"Litakuja."