Benzi ya Dizeli, Shabab

Ni rika moja na cheti changu cha darasa la nane,
lakini viti vyake vya ngozi bado vinanukia cheo.
"Ya daktari," muuzaji aapa. "Haijui gereji."
Wafubwa, fundi wangu, hajibu.
Amelala chini yake, miguu tu nje,
kisha atoka na kidole cheusi, akinusa.

"Turbo inakunywa oili. Nozeli nne,
kila moja mshahara wako."

"Lakini bei rahisi."
"Ya kununua."

Naiwasha. Yakohoa mara mbili,
yanguruma kama mtu aliyeshiba.
Mkopo wa ushirika mfukoni, ungali moto.
Nawaza mteremko wa Salgaa, mvua, usiku,
taa ya njano ikiwaka pale mbele ya usukani.

Halafu namwona mama mkwe, Njoro,
akinifungulia geti.