Mchi wa Tatu

Ngano ya bokoboko, ua wa nyuma, Sib.
Wanawake watatu, kinu kimoja.
Bibi Shinuna alinionya: usiutazame mchi wa mwenzio,
utapondwa vidole.
Usikilize. Wako ushuke wake ukipanda.

Siku hizi wananiita mhandisi.
Nina taa kumi na moja, kutoka Ruwi hadi karibu na Darsait,
na kwa miaka kila moja ilitwanga peke yake:
hii nyekundu, ile nyekundu,
ya tatu nyekundu kwa ukaidi tu,
magari yakikoroma palepale, viyoyozi vimewaka,
joto digrii arobaini na sita,
na moshi, kwa kukosa pa kwenda, ukimrudia
kijana wa pikipiki aliyebeba biriani ya watu,
helmeti kichwani kama chungu mekoni.

Usiku wa manane mimi na Thuwaini ndani ya gari,
kilomita hamsini kwa saa, si zaidi.
Sekunde kumi na nane, taa hadi taa.
Tukafungua sanduku la chuma, tukasogeza,
tukaendesha tena. Taa ya nne ikatunasa.
Thuwaini akatukana kwa Kiarabu, mimi kwa Kiswahili,
kila mtu na akiba yake.
Mara ya sita kijani kikafunguka,
kikafunguka,
zote kumi na moja, breki haikuguswa,
nami nikasikia kinu.

Asubuhi ofisini, makofi. Mstari wa moshi umeshuka kwenye chati.
Sikuwaambia habari ya taa ya saba.

Pale, mbele ya duka la vitambaa,
huvuka Abdul Mannan, mfagiaji, goti bovu, toroli la magurudumu mawili
na moja halizunguki.
Mpango ulimpa sekunde kumi na nne.
Nilimhesabu siku tatu kutoka kivulini:
anahitaji ishirini na moja.
Kwa hiyo alikuwa akibaki katikati, kwenye ukingo wa saruji,
mabasi yakimpulizia huku na huku.

Nikachota saba kutoka kwa wenye magari.
Wimbi langu zuri lina kwikwi sasa.
Ipo siku mkuu ataigundua,
kama kokoto kwenye ngano, aniulize ni nini hii.
Sijapanga jibu. Labda nitamuuliza kama amewahi kutwanga.

Leo nimemwona akivuka. Hakukimbia.
Alifika ng'ambo, akageuka kuitazama taa,
bado kijani,
akaitazama tena, kama mtu aliyerudishiwa chenji
zaidi ya haki yake
na hajui arudishe kwa nani.