Karani wa Kimya

Nimetoka Miskolc kwa treni, halafu basi, halafu miguu,
na begi la nguo za siku nane.
Bruda Vidor, bruda wa wageni, alinipokea mlangoni
aproni yake ikichuruzika maji ya vyombo.
Hakuniuliza dini yangu.
Aliniuliza kama ninakula vitunguu.

Kazi yangu, kwa wasioijua: karani wa mahakama.
Miaka ishirini na sita nimekaa chini ya kiti cha jaji
nikiyanasa maneno kabla hayajapoa.
Sikumbuki. Sikuwepo. Alianza yeye.
Yote yamepita vidoleni mwangu kama maji ya mtaro,
yakaniachia tope.
Nilipanda huku nikae mahali ambapo watu hawasemi.

Kumbe wamonaki husema! Mara saba kwa siku husema,
upande huu wa kwaya mstari, upande ule mstari,
na katikati ya mstari hunyamaza,
pumzi moja,
kama mtu anayepapasa ngazi gizani kwa mguu.
Siku ya kwanza nilidhani wamesahau zaburi.
Siku ya tatu nilikuwa naisubiri ile pumzi
kuliko maneno yenyewe.
Padri Szaniszló, wa miaka tisini, husinzia Masifu ya Jioni
na hakuna anayemwamsha.

Mezani tunakula kimya, mmoja anatusomea.
Wiki ile ilikuwa historia ya reli, sijui kwa nini.
Anayetaka chumvi huashiria.
Na chini ya meza, bila mimi kuviamuru, vidole vyangu
vinapiga chapa: behewa, daraja, tani elfu mbili.
Vidole havijui likizo.

Siku ya nne aliyeleta mkate hakuwa mmonaki.
Suruali ya shambani, kovu kwenye nyusi.
Nilimjua kabla kikapu hakijagusa meza.
Kesi ya ghala lililochomwa, kizimba cha kushoto,
Bertók Gerzson, miaka saba.
Mama yake alipopiga yowe ukumbini
niliandika, ndani ya mabano: (shahidi analia).
Maneno mawili. Utaratibu hauruhusu la tatu.

Alinisogezea mkate, akanisogezea na siagi,
akaenda kwa mgeni mwingine.
Makarani hawatazamwi, nilijiambia usiku kucha,
na kengele ikanihesabia saa zote.

Asubuhi tukapangiwa plamu, mimi na yeye.
Ndoo kumi na nne, visu viwili, benchi moja nyuma ya jiko.
Kazini inaruhusiwa kusema linalohitajika.
Tulitoa kokwa saa nzima, hatukuhitaji kitu.
Nyigu ndio waliokuwa na haja.
Kisha akasema, macho kwenye kisu:
“Bado vinapiga, vidole vyako. Nimeviona mezani.
Siku zote sita za kesi nilivitazama hivyo hivyo.
Sikuweza kumtazama mama.”

Ningesema nini?
Kwamba sikuhukumu, niliandika tu?
Nimewaandikia wengi waliosema hivyo,
nami najua inavyosomeka.

Kisu changu kilikuwa butu, kilikuwa kinaponda badala ya kukata.
Alikiona. Akanipa chake, akachukua changu,
akaendelea na ndoo yake polepole.
Mikono yetu ilikuwa myekundu hadi viwiko.

Mimi nikafika katikati ya mstari.
Nikanyamaza.

Kisha nikamwuliza kama mama yake yu hai.
“Yu hai,” akasema. “Jumapili anakuja kuchukua jamu.
Kama bado utakuwepo,
yeye huongea sana.”