Tabaka la Nne

Ilikuja Muyeye ikivutwa na trekta la kubebea mawe,
Landrova ya jeshi, isiyo na mlango wala boneti,
na Famau kashika usukani, anakata kona kwa fahari,
utadhani injini ndiyo inayovuma.
Watoto wa madrasa waliikimbilia mpaka langoni.
Mimi nilikuwa naanika. Nikauliza bei.
Akaniambia nusu ya bei; nusu ya pili
niliijua Ramadhani, siku ya kununua tende.

Mama Nyevu wa nyumba ya pili akasema: umeletewa mke mwenza.
Nikamjibu, mke mwenza angalau husaidia kufua.

Mwezi wa kwanza hakutengeneza kitu. Alifungua tu.
Gia boksi ikalala barazani juu ya mkeka wangu wa Idi,
nati zikatiwa kwenye vikombe vya kahawa,
kila kikombe na karatasi yake:
difu, klachi, breki, sijui.
Kikombe cha sijui kilijaa kuliko vyote.
Kabureta ikachemshwa katika sufuria ya biriani,
na biriani ya Ijumaa ile ikanuka petroli. Tukaila.

Kahindi, fundi wa kuchomelea, alikuja na baiskeli kutoka Ganda.
Akaigonga chesisi kwa kidole, akasikiliza,
kama mtu anunuaye tikiti maji.
Palipoliwa na kutu akapatia kiraka cha vyuma vya kitanda,
kitanda nilichojifungulia.
Sikuulizwa.

Nyaya ndizo zilizowashinda.
Zilining'inia chini ya dashibodi mithili ya utumbo wa kuku;
ukipinda kushoto, honi inalia,
ukikanyaga breki, waipa zinaamka.
Nikajilaza chali, tochi mdomoni.
Nimeshona miaka ishirini na sita:
kufuata uzi mmoja katikati ya nyuzi
hakuna mwanamume wa kunifunza.

Msasa tukaachiwa mimi na Mwanakheri.
Juu buluu, ya mwenye duka la simiti.
Chini yake kijani.
Chini yake rangi ya mchanga, ya vita vya mbali au mazoezi tu.
Chini yake nyeupe, ambayo Kahindi alisema ni ya Umoja wa Mataifa
na Famau akasema ni ya harusi.
Na kwenye ile nyeupe, ndani ya mlango wa nyuma,
mistari iliyokwaruzwa kwa ncha ya msumari,
mitano mitano, wa tano umelala juu ya minne.
Arubaini na mitatu.
Hapo imeishia.

Famau akafungua kopo la puti.
Nikamshika mkono.
"Alipewa likizo," akasema.
"Au msumari ulipotea," akasema Kahindi.
Mwanakheri akaendelea kupuliza vumbi,
polepole, kama anayepoza uji wa mtoto.

Siku injini ilipokubali, ilikohoa mara tatu
ikatema moshi mweusi juu ya nguo nilizoanika.
Famau akalia.
Mimi nikafua tena.

Ndipo nikadai tende zangu.
Nusu ya gari ni yangu, nikasema, nusu ya nyuma.
Kahindi akacheka mpaka akavua miwani,
kisha akapima ile nguzo fupi ya chuma ilipokaa bunduki
akaifunga hapo cherehani yangu, kwa bolti nne.
Inazunguka. Hilo sikulitarajia.
Nashona nikitazama upande nitakao.

Sasa Jumanne tuko Gongoni, Alhamisi Marafa,
sare za shule, mashati, zipu zilizokatika.
Rangi ni ya ndimu changa, kila mahali
ila upana wa viganja viwili, mlango wa nyuma,
pale tumepaka vanishi peke yake.
Taa ya kulia bado. Famau anasema Jumamosi.

Juzi kijana mmoja, akingoja kaptula,
aliihesabu mistari kwa kidole mpaka mwisho.
"Mama, mbona hawakumaliza?"
Nikamwambia simama wima, inua mikono,
nipime kiuno.