Mfuko wa Wapuliza Kioo

Jumanne jioni maktaba ya kaunti ina watu watatu:
Bi Verna Kozlik mwenye funguo,
Orrin Tackett, kapteni wa zimamoto wa kujitolea,
na mimi, na bahasha ya karatasi za kodi
inayonuka vitunguu, maana imekaa jikoni tangu Februari.

Orrin anatafuta gari.
Lile la zamani humwaga maji njiani,
likifika kwenye moto limebaki na king'ora.
Mimi natafuta ada.
Kaylin amekubaliwa chuo cha uuguzi;
barua iko juu ya friji, imeshikwa na sumaku ya nyanya,
na kila anayefungua maziwa huisoma upya.

Tunasoma.
Jimbo litaupa ruzuku mji mdogo
mradi mji uchangie robo.
Robo! Orrin anaipigia hesabu nyuma ya risiti,
anaikunja risiti, anaiweka mfukoni.

Jimbo litamsaidia mwanafunzi
ambaye mzazi wake hajavuka kiwango.
Nimekivuka kwa dola mia mbili na kumi na nne,
zile za usiku wa Krismasi
nilipokesha na wazee wa watu, nikiwageuza ubavu,
nikidhani nachuma.

"Aliyeandika swali la tisa," anasema Orrin,
"hajawahi kulala na koti ndani ya nyumba."
Bi Verna hacheki. Analamba kidole,
anafunua ukurasa wa kumi na moja.

Saa mbili kasoro robo, ndipo anapoinama
kwenye droo ya chini kabisa, ile inayokwama,
akatoa jalada lenye kutu ya pini.
Mfuko wa Wapuliza Kioo.
Miaka tisa hakuna aliyeuomba.
Masharti yamepigwa taipu, herufi "e" imeziba:
mwombaji awe mjukuu wa mtu
aliyefanya kazi kwenye tanuri la Lantz
miaka isiyopungua kumi, na alete ushahidi.

Ushahidi gani? Kiwanda kilifungwa nikiwa mdogo.
Madaftari yalichukuliwa na mafuriko,
na baba, Teofil Rusnak, hakuwa mtu wa karatasi.
Alikuwa na mapafu mabovu na mkono mwepesi.
Kila Desemba, zamu ikiisha,
aliokota mabaki ya kioo kabla hayajapoa,
akaviringisha donge moja, la kuzuia karatasi zisipeperuke,
akachora chini yake kwa ncha ya msumari:
T.R., na mwaka.

Niliyahesabu usiku ule dirishani, bila kuwasha taa.
La kijani, la kahawia, lenye povu kama soda.
Tisa.
Nikayahesabu tena, kama mjinga,
kana kwamba baba angeongeza moja nikifumba macho.

Nilimpigia Orrin ili tu nilalamike.
Akanyamaza kidogo.
"La bluu?" akauliza. "Lina ufa pembeni?
Marlys, lile ndilo tunaloegeshea mlango wa kituo.
Baba yako alimpa mama yangu
mwaka ule banda letu lilipoungua."

Basi nimeyafunga yote kumi kwenye soksi za Kaylin,
nikayapanga ndani ya kreti la nyanya,
nikayabeba hadi chini ya kanisa la Mtakatifu Sirili
wanakokutana wajumbe watatu, mmoja akiwa na kifaa sikioni.
Huyo aliligeuza la bluu, akalishika muda mrefu,
hakuuliza swali lolote la fomu.
Aliuliza: "Alikuwa bado anakohoa, mwaka huu hapa?"
Nikasema ndiyo.

Ni dola mia sita kwa mwaka. Vitabu, sare, viatu vyeupe.
Ada yenyewe bado iko mbali, na majibu hayajaja.

Mlango wa kituo sasa unashikiliwa na tofali.
Jumanne ijayo nitakwenda mapema, na kikokotoo.
Zamu ya gari.
Tuna robo ya kutafuta.